Gazeti lenye siku mbili za kuzaliwa

Maswali ya wasomaji na majibu ya korektere mstaafu, Kamalondo, Lubumbashi

Toleo lililopita niliandika aya moja tu juu ya Ouest-France, gazeti la mji wa Rennes huko Ufaransa, kwa sababu mpwa wangu alinitumia sahani sita zilizofungwa ndani yake. Sahani mbili zilifika zimevunjika, gazeti likafika zima. Nikalinyoosha kwa pasi, nikalisoma lote, nikaandika. Nilidhani mambo yameishia hapo. Kumbe! Simu imejaa ujumbe, na barua tatu za mkono zimeachwa kwa mama anayeuza makala mbele ya lango langu (yaani makaa ya kupikia, si makala ya kusoma). Nimechagua tano. Kwa mgeni wa ukurasa huu: korektere ni yule anayesoma gazeti usiku kabla halijachapwa, anatafuta makosa. Nimeifanya kazi hiyo tangu 1974, kwa waajiri wanne, mpaka macho yakakataa.

*

Jambo muzee. Kijana wangu anasoma Rennes. Anasema hilo gazeti limekuwapo tangu 1899. Mwalimu wake anasema hapana, ni la 1944. Tumebishana kwa simu mpaka inite zikaisha. Nani ana haki? — Baba wa watano, Ruashi

Baba wa watano, mwalimu anasema kweli ya karatasi, kijana wako anasema kweli ya damu. Nianze na damu.

Tarehe 2 Agosti 1899 lilitoka Rennes gazeti lililoitwa L'Ouest-Éclair. Waliolianzisha ni wawili: padri Félix Trochu na mwanasheria Emmanuel Desgrées du Loû. Ujue kwanza mahali penyewe. Magharibi ya Ufaransa, Bretagne hasa, ilikuwa nchi ya misa, ng'ombe na mabwana wa mashamba. Wengi wa mabwana hao, na mapadri wengi nyuma yao, walikuwa bado wanamlilia mfalme wakati Jamhuri imekwisha kukaa kitini. Mwaka 1892 Papa Leo wa 13 aliwaandikia Wakatoliki wa Ufaransa kwamba waikubali Jamhuri, wafanye kazi ndani yake. Kuna waliotii kwa mdomo. Trochu na Desgrées walilichukua neno lile wakalifanyia gazeti: Wakatoliki, ndiyo, lakini watu wa Jamhuri, tena wenye sikio kwa mkulima na mfanyakazi. Kazi ya namna hiyo inakupa mawe ya pande zote mbili. Wasiolipenda Kanisa wanakuita mtu wa sakristia, na mabwana wanakuita msaliti.

Halafu tazama mkosi, au bahati, sijui. Siku tano baada ya toleo la kwanza, tarehe 7 Agosti, katika mji uleule, ndani ya ukumbi wa shule ya lise, mahakama ya jeshi ilianza kumhukumu upya kapteni Alfred Dreyfus. Huyu alikuwa ofisa Myahudi aliyehukumiwa mwaka 1894 kwamba amewauzia Wajerumani siri za jeshi, akatupwa Kisiwa cha Shetani, kule Guyane. Baadaye ikajulikana kuwa mwenye kosa ni mwingine, na kwamba karatasi za ushahidi zilighushiwa. Waandishi wa dunia nzima wakamiminika Rennes. Tarehe 14 wakili wake, Labori, akapigwa risasi ya mgongo barabarani, akapona. Tarehe 9 Septemba majaji, watano dhidi ya wawili, wakamtia Dreyfus hatiani mara ya pili, miaka kumi. Siku kumi baadaye rais akamsamehe. Ilifika 1906 ndipo jina lake likasafishwa kabisa. Gazeti lenye umri wa siku tano, na kesi hiyo iko mlangoni! Mimi siku yangu ya tano kazini nilipewa matokeo ya mpira nisahihishe, na nikayakosea.

Miaka iliyofuata naipita mbio. Gazeti lilipanda treni, likapata kurasa za mji huu na mji ule, likawa kubwa kuliko mengine ya Magharibi. Mwaka 1930 padri Trochu aliondolewa, maana wakubwa wa Kanisa walikuwa wamemchoka. Desgrées alifariki 1933. Alikuwa na mkwe, Paul Hutin, aliyemwoa binti yake na kulibeba jina la nyumba, akawa Paul Hutin-Desgrées. Mshike huyo mkwe, tutamhitaji.

Juni 1940 Wajerumani waliingia Rennes. Hapa ndipo damu inapochafuka. L'Ouest-Éclair halikufunga milango. Liliendelea kutoka miaka minne chini ya macho ya mkaliaji, likichapa alichotaka kichapwe. Hutin-Desgrées alikataa kufanya kazi hiyo, akajitoa. Tarehe 4 Agosti 1944 Waamerika waliukomboa mji. Na serikali mpya ya Ufaransa ilikuwa na amri iliyo wazi: gazeti lililokubali kutoka chini ya Wajerumani lisitoke tena. Jina life, na nyumba na mashine wapewe wengine. Tarehe 7 Agosti, siku tatu tu baada ya mji kukombolewa, kutoka nyumba ileile ya namba 38, rue du Pré-Botté, juu ya mashine zilezile, likatoka Ouest-France namba moja, na yule mkwe yumo kati ya waliolisimamisha. Paris nako ilikuwa hivyohivyo: Le Temps lilikufa, na ndani ya nyumba yake likazaliwa Le Monde, Desemba 1944.

Nimelifikiria sana jambo hilo kwa jicho la kazi yangu. Mei 1997 nchi yetu iliporudi kuitwa Kongo, nilikaa usiku baada ya usiku na shughuli moja tu: kulivua neno Zaïre katika kurasa, kama mtu anayetoa mawe ndani ya mchele. Nililivua mara zisizohesabika. Moja likaponyoka, ndani ya tangazo la saruji, chini kulia, herufi ndogo kama mbegu ya lengalenga. Mkuu wangu alilizungushia wino mwekundu, akaubandika ukurasa ule ukutani wiki mbili nzima. Lakini sisi tulibadili jina kwa kuwa nchi imebadili jina, basi. Wale wa Rennes jina lao liliuawa kwa sababu ya maneno ambayo mashine zao zilikubali kuyachapa. Mashine hazikufanywa kitu. Risasi ileile, madini yanayomiminwa kuwa herufi za kuchapia, iliyeyushwa Ijumaa, Jumatatu ikawa herufi za gazeti lingine.

Kwa hiyo mwambie kijana asherehekee tarehe 2 Agosti ikiwa anapenda, lakini tarehe 7 asimbishie mwalimu.

*

Muzee, umeandika kwamba hilo gazeti "halina mwenyewe". Hapa kwetu hata mti wa maembe una mwenyewe. Fafanua. — Mfanyabiashara, soko la Kenya, hapa Lubumbashi

Nililiandika vibaya, nakubali. Ningesema: halina wa kuliuza.

Wewe ni mtu wa biashara, chukua mfano wa kiwanja. Baba amekufa, ameacha nyumba nzuri karibu na posta, na watoto wanane. Anakuja tajiri anaitaka. Je, ataanza na mkubwa? Hapana. Ataanza na yule wa mwisho, mwenye deni. Atanunua sehemu yake kimya, halafu ya wa sita, halafu ya yule aliyegombana na wenzake. Siku moja mnaamka, mnaambiwa ninyi ndio wapangaji.

Miaka ya 1980 Ufaransa ilikuwa na tajiri wa namna hiyo, Robert Hersant. Alikuwa na Le Figaro mkononi, akawa anakusanya magazeti ya mikoa kama mtu anayeokota maembe baada ya upepo: Le Dauphiné libéré la Grenoble mwaka 1983, Le Progrès la Lyon mwaka 1986. Ouest-France wakati huo liliongozwa na François-Régis Hutin, mwana wa yule mkwe. Aliona hatari ya hisa kutawanyika mikononi mwa warithi. Mwaka 1990 wakafanya hivi: gazeti likawekwa chini ya chama kisicho cha faida, kama zile ASBL zetu, kwa sheria ya Ufaransa ya 1901. Jina la chama ni refu kama treni ya shaba: Association pour le soutien des principes de la démocratie humaniste, yaani chama cha kutegemeza misingi ya demokrasia yenye utu. Mwanachama hana hisa na hapati gawio. Akifa, mtoto wake harithi kitu. Kwa hiyo tajiri akija, hakuna mlango wa kubisha.

Lakini usije ukafikiri nyumba isiyouzwa haina bwana. Hutin huyo alikaa juu miaka mingi, mpaka uzeeni, na kauli yake ilikuwa kauli. Alifariki Desemba 2017. Na nyumba isiyouzwa inaweza kununua. Mwaka 2005 kundi hilo lilinunua Le Courrier de l'Ouest la Angers, Le Maine libre la Le Mans na Presse-Océan la Nantes. Msomaji wa Nantes akichoka na gazeti moja akahamia la pili, pesa yake inaingia mfuko uleule. Hapo mimi sipigi makofi.

*

Ni kweli linayashinda magazeti ya Paris? Au ni sifa za watu wa Rennes? — Wawili wanaobishana, Katuba

Kweli. Tangu 1975 ndilo gazeti la kila siku linaloenea kuliko yote Ufaransa, na miaka hii ya karibuni bado ni nakala kama 600,000 kwa siku, mikoa midogo 12, kuanzia Bretagne mpaka Normandie na bonde la Loire. Si kila mahali linatawala peke yake. Upande wa Brest kuna Le Télégramme la Morlaix, nalo mtoto wa 1944, lililozaliwa juu ya kaburi la La Dépêche de Brest, na huko wanatazamana kama majogoo.

Jambo jingine litawafurahisha ninyi mnaopenda ubishi. Oktoba 2021, wakati Wafaransa wanaelekea uchaguzi wa rais wa Aprili 2022, Ouest-France lilitangaza kwamba halitachapisha tena kura za maoni mpaka watu wapige kura, likasema heri kwenda kuwasikiliza watu wenyewe. Fikirini mhariri anayekataa kitu kinachouza.

*

Ninasoma uandishi wa habari hapa Lubumbashi. Nitapataje kuona matoleo ya zamani bila kwenda Ufaransa? Na sisi hatukuwa na gazeti la namna hiyo? — Mwanafunzi, Kampemba

Mwanangu, la kwanza ni rahisi. L'Ouest-Éclair, kuanzia 1899 mpaka 1944, limewekwa kwenye intaneti na Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, mahali panapoitwa Gallica. Hulipi hata franga. Nenda usiku, wakati intaneti ina nafasi, maana kurasa ni nzito. Usianze na vita. Anza na wiki yoyote isiyo na kitu, uone bei ya ngano, mnada wa farasi, nani kagongwa na baiskeli. Ukiisha kuzoea macho, soma Agosti 1899, halafu rukia 1941. Ni jina lilelile juu ya ukurasa. Mwandishi kijana aone kwa macho yake jinsi gazeti linavyoweza kubaki na jina lake huku limepoteza sauti.

La pili. Tulikuwa nalo, kwa namna yake. Mwaka 1928, mji huu ukiitwa Élisabethville, Jean Sepulchre alianzisha hapa L'Essor du Congo, gazeti la kila siku kwa Kifaransa, la Wazungu wa mji wa shaba. Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Gazeti hilo lilimfikia likiwa na umri wa wiki, limekwisha kusomwa na bwana wa karakana, mara nyingine lina alama ya kikombe. Alilisoma jioni akifuata mstari kwa kidole, anatamka kila neno, na sisi watoto hatukuruhusiwa kugusa mpaka amalize. Hakuna lililoandikwa humo lililotuhusu, isipokuwa treni zikichelewa. Akimaliza, mama alilibandika ukutani kuzuia upepo. Mimi nimejifunza kusoma Kifaransa kwenye ukuta ule, nusu yake kichwa chini, na nadhani ndiyo sababu niliweza baadaye kusoma herufi za risasi, ambazo huwa zimegeuka.

Leo gazeti hilo halipo. Usiniulize kama ni vizuri au vibaya. Gazeti linaloandikwa mjini bila kuandika majina ya wengi wa mji linategemea wachache wabaki, na wachache waliondoka.

*

Muzee, ulipotuonyesha lile karatasi la sahani baada ya misa, mimi niliona ukurasa mzima wa watu waliokufa, na picha ya wazee wawili wanakata keki. Hiyo ni habari? Nimesikitika kidogo. — Mama wa mapacha, Kamalondo

Mama mapacha, shikamoo. Swali lako ndilo lililonifanya niketi niandike yote haya, kwa hiyo univumilie.

Mwaka 2011 nilikwenda Rennes kwa ubatizo wa mtoto wa mpwa wangu. Saa kumi na mbili asubuhi, nje bado giza, nilisikia kitu kinaanguka ndani ya sanduku la barua. Nikashuka na koti juu ya pijama. Ouest-France. Wino bado una harufu. Juu, pembeni ya jina, maneno mawili: Haki na Uhuru. Siku hiyo tulikwenda kumwona mama mkwe wake Saint-Malo, kilometa sabini hivi, na pale mezani nikakuta gazeti lilelile la siku ileile. Nikaliweka la kwangu kando yake, kazi ya zamani hainiachi. Ukurasa wa mbele ulifanana. Vita za dunia, sawa. Nikafungua katikati: watu wengine kabisa! Kwenye la Rennes, mkutano wa wazazi wa shule fulani. Kwenye la Saint-Malo, bei ya samaki na zamu za duka la dawa. Wakati ule lilikuwa na matoleo ya mitaa karibu 50, mama. Kila usiku lilichapwa, likasimamishwa, zikabadilishwa kurasa, likaendelea, malori yakaondoka kutoka Chantepie, pembeni ya Rennes, na kutoka La Chevrolière karibu na Nantes. Mimi niliyewahi kulala chini ya meza kwa sababu ya toleo moja tu, nilivua kofia.

Na nani anayaleta hayo ya vijijini? Si waandishi wakubwa. Ni watu wa palepale, kwa maelfu: mwalimu mstaafu, mke wa mkulima, karani. Wanalipwa kidogo, wanakwenda kwenye mkutano wa halmashauri ambao hakuna Mparis atakayekanyaga, wanaandika majina. Wale wazee wa keki wamefikisha miaka sitini ya ndoa. Kijijini kwao hakuna habari kubwa kuliko hiyo, nawe unajua, maana siku ya yubile ya ndoa yako ulikasirika redio isipoitaja.

Kuhusu vifo, ulikuwa wapi zamani kila jioni redio ilipofika kwenye matangazo ya vifo? Hapa Kamalondo sufuria zilinyamaza. Bukari, yaani ugali, liliachwa linaungua. Tulisikiliza jina, ukoo, kilio kiko wapi, mazishi saa ngapi. Hatukuwa tunasikiliza habari za siasa namna ile.

Gazeti hilo lina kanuni kwa waandishi wake wa ajali na mahakama, waliyoiandika 1990. Mpwa wangu alinitafsiria, nami naitia katika Kiswahili changu: kusema bila kudhuru, kuonyesha bila kushtua, kushuhudia bila kushambulia, kufichua bila kuhukumu. Maneno manne mazuri ya kuweka ukutani. Najua kuyafuata saa tano usiku ni jambo lingine, na sasa nitakueleza nilivyolijua.

Mwaka 1983, kwenye gazeti nisilotaka kulitaja, ililetwa karatasi ya tangazo la kifo. Bwana fulani, fundi cherehani wa Katuba, anatangaza kifo cha kaka yake. Majina yao yalifanana mpaka herufi ya tano, ndugu wa tumbo moja, wamepewa jina la babu mmoja na kugeuziwa mkia tu. Mpanga herufi aliyabadilisha: wa chini akampandisha, wa juu akamshusha. Nakala ya majaribio ikaja kwangu. Umeme ulikuwa umekatika mara mbili usiku ule, nilikuwa nasoma kwa taa ya mafuta, na nilifanya kile ambacho korektere hapaswi kufanya kamwe: nilisoma maana, sikusoma herufi. Maana ilikuwa sawa. Mtu anatangaza, mtu amekufa. Nikatia sahihi.

Asubuhi fundi cherehani ameketi kwenye mashine yake, ana suruali ya mteja mkononi, anasikia wanawake wanalia kutoka pembe ya avenyu. Anadhani ni kwa ajili ya kaka yake, anasimama kuwapokea. Wa kwanza kumwona akatupa mfuko wa unga chini akakimbia. Wengine wakaja na kuni, na viti vya kuazima, na shirika la kwaya likiwa limekwisha kuanza wimbo. Mama mkwe wake alishuka treni ya Likasi saa nane, akamkuta mlangoni, akazimia. Wakati huohuo, kule kwenye kilio cha kweli, marehemu amelala karibu peke yake, maana watu wamekwenda kwa aliye hai.

Alikuja ofisini kesho yake. Tulidhani atakuja na fimbo. Alikuja amevaa koti jeusi, gazeti limekunjwa mara nne chini ya kwapa, akauliza nani aliyesoma. Nikasimama. Akanitazama kwa muda, akasema: "Nimekuja wewe uone maiti inavyotembea." Hakutaka pesa. Alitaka sahihisho litoke mahali palepale, ukurasa uleule, herufi za ukubwa uleule, na jina la kaka yake litangulie. Mkuu wangu alitaka kuliweka ndani, pembeni, mistari miwili. Yule fundi alikaa kwenye benchi ya mapokezi mpaka saa mbili usiku, mpaka akaonyeshwa ukurasa. Akausoma herufi kwa herufi, kwa kidole, kama baba yangu. Tangu siku hiyo kila jina nililisoma mara mbili, mara ya pili kutoka nyuma kwenda mbele. Kwa hiyo, mama mapacha, ninapoona ukurasa mzima wa majina ya marehemu wa Bretagne, sioni huzuni kwanza. Namwona mtu fulani, usiku, ana kalamu.

Fundi huyo yu hai hata leo, zaidi ya miaka themanini, amehamia mitaa miwili tu kutoka kwangu. Akipita mbele ya lango anaita: "Korektere, marehemu anapita!" Mwezi uliopita alikuja kunywa chai, nikampa lile gazeti la sahani alitazame. Hakugusa ukurasa wa mbele. Alikwenda moja kwa moja kwenye vifo, akaweka miwani, akayasoma majina yote ya Wafaransa wale mmoja mmoja kwa sauti, yule na yule, kijiji na kijiji, chai ikapoa. Alipofika mwisho akalikunja taratibu, akanirudishia, akauliza:

"Hawa wote, una hakika?"